Siku Tuliyopika Chai kwa Katoni Mnadani Garissa

Weka kikombe chini kidogo, msikilizaji wangu, kwa maana kuna mahali katika habari hii utacheka, na sitaki uungue. Umeshaweka? Basi nikupeleke Garissa ya miaka ya tisini, siku ya mnada wa mifugo, nikuonyeshe wasichana wa chama cha kemia wakikimbia kwenye mchanga wa moto, wamebeba katoni ya sabuni iliyopambwa kwa karatasi za kung'aa kama bibi harusi. Mmoja wao ni mimi. Yule anayecheka mpaka anashindwa kushika upande wake, huyo pia ni mimi.

Tulikuwa na haraka kwa sababu ya binamu yangu. Alikuwa binti wa eedo, yaani shangazi yangu, dada ya baba. Alikuwa kidato cha pili, sisi tuko cha tatu, na wiki iliyofuata darasa lake lingechagua masomo. Binamu yangu aliitaka kemia kama mbuzi aliyenusa kisima. Lakini baba yake, dalali wa ngamia anayejulikana kutoka Garissa hadi Habaswein, alikuwa amekataa katakata.

Alikuwa na sababu. Mwezi wa Ramadhani uliopita tulitengeneza ile hewa yenye harufu ya yai bovu, na upepo wa siku hiyo haukuwa upande wetu. Adhuhuri, mji mzima umefunga, harufu ikatoka maabara, ikavuka ua, ikaingia nyumba za watu bila kubisha hodi. Yeye alikuwa amelala kidogo barazani kwake, akaamka akidhani kuna mnyama amefia chini ya kitanda.

"Hiyo kemia," alimwambia bintiye, "ni elimu ya kuharibu hewa."

Binamu yangu alilia, akanuna, akakataa uji. Mwishowe baba yake akalegeza kidogo. "Jumatano niko mnadani. Nasikia hao dada zako wanakuja kufundisha watu. Sawa. Wanionyeshe kwa macho yangu kwamba kemia ina faida. Wakishindwa, utachagua biashara, na nisisikie tena habari za chupa."

Sasa unajua tulichobeba ndani ya ile katoni: kemia ya binamu yangu.

Kwenda mnadani lilikuwa wazo la mwalimu wetu wa kemia, kijana aliyetoka "Kenya". Ndivyo tulivyosema wakati huo, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Alikuwa ametufundisha namna dunia inavyozidi kupata joto, habari ambayo siku hizi huitwa mabadiliko ya tabianchi na inajulikana hata na watoto wa chekechea, lakini wakati ule ilikuwa mpya kama pipi ambayo haijafunguliwa. Tulipomaliza somo alifuta ubao, akatugeukia akasema, "Haya mnayajua. Je, watu wa mji wanayajua?" Tukatikisa vichwa. "Basi tufanye nini?" Na sisi, kwa kuwa tulikuwa na miaka kumi na saba na hatukuogopa chochote isipokuwa mtihani wa hesabu, tukapaza sauti pamoja, "Tuwapikie!"

Tungepika kwa jua. Jiko la jua ni kitu rahisi sana, usiogope, nitakueleza polepole. Unachukua katoni, unaivika ndani karatasi za kung'aa ili mwanga urukeruke na usipotee, unaweka sufuria katikati, kisha unafunika juu kwa kioo. Basi. Kioo tulikipata kwenye dirisha lililovunjika nusu. Taabu ilikuwa karatasi za kung'aa. Garissa ile hukuweza kuzinunua dukani, ila kila pakiti ya sigara ilikuwa na moja ndani. Kwa hiyo tukaanza kuokota pakiti tupu: stendi ya mabasi, nje ya mikahawa, kando ya barabara. Tulijaza gunia zima, tukalificha chini ya kitanda bwenini.

Mwalimu mkuu akalipata. Alituita ofisini, gunia amelishika kwa vidole viwili.

"Naomba mniambie," alisema, "ni nani kati yenu anayevuta pakiti zote hizi."

"Hakuna, mwalimu. Ni za jua."

"Za nani?"

"Za jua, mwalimu."

Alitutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo jua ndilo linalovuta?"

Hapo nilifanya kosa la kumtazama jirani yangu, naye akanitazama, na tulicheka mpaka tukapewa adhabu ya kufagia uwanja. Tuliufagia tukicheka. Na uwanjani tukaokota pakiti mbili zaidi.

Maziwa ya chai tulikuwa tupewe na eedo. Yeye aliuza maziwa na chai pembeni mwa mnada, na kwa ajili ya binti yake alikuwa upande wetu kwa moyo wote. Jumanne mchana alitukabidhi dhiil yake, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kimebana hata tone halipiti. Chombo hicho hakioshwi kama sahani. Husafishwa kwa moshi: unatia ndani vijinga vya mti maalumu, unafunika, unatikisa, unavimwaga, na moshi unabaki umeshika kuta. Ndio unaoyalinda maziwa yasichache upesi katika joto letu, na ndio unaoyapa ile ladha ambayo mtu wa kwetu akiikosa anadhani anaumwa.

"Nimeifukiza leo," eedo alisema. "Maziwa ya mbuzi yatawafikia jioni. Mimineni humu, mfunike, kesho mje nayo."

Tukaipeleka maabara. Miongoni mwetu kulikuwa na msichana mpenda usafi, ambaye angeweza kuosha chaki kama angeruhusiwa. Alifunua dhiil, akaweka pua, akaruka nyuma.

"Jamani! Inanuka moshi!"

"Ndiyo," tukasema.

"Kesho tutasimama mbele ya watu tukisema habari ya moshi na joto la dunia, na chombo chetu wenyewe kinanuka moshi? Dalali si atatucheka?"

Tukatazamana. Sasa elewa: sote tulizaliwa katika nyumba zenye dhiil. Sote tulinywa maziwa ya moshi kabla ya kujua kusema "maziwa". Ungetuuliza jikoni kwa mama zetu, tungekujibu sawasawa. Lakini tulikuwa tumevaa makoti meupe, na mtu akishavaa koti jeupe anaanza kufikiri kama chupa. Tukaona ana haki. Tukaisugua dhiil kwa sabuni ya unga na brashi ya kuoshea chupa za maabara, tukaisuuza kwa maji safi kabisa, yale ya kuchemshwa na kukusanywa mvuke. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa umepata moto wa kazi, yule mwenzetu akasugua na sufuria ya chai pia, ikang'aa hata ungeweza kufungia mtandio ukijitazama humo. Jioni maziwa yakaja, tukayamimina, tukaenda kulala tukiwa na furaha ya wanasayansi.

Asubuhi hiyo mnada ulikuwa umejaa. Vumbi, ngamia wakinung'unika, madalali wakishikana mikono chini ya vitambaa na kupatana bei kwa vidole. Tuliweka katoni yetu karibu na eedo, tukaielekeza juani, tukatia maziwa, maji, majani na iliki katika sufuria, tukafunika kioo. Mwalimu wetu akarudi nyuma hatua chache. "Semeni nyinyi," alisema. "Hawa ni watu wenu."

Watu wakaja kwa sababu ya makoti. Dalali naye akaja, shati jeupe, ndevu nyekundu za hina, fimbo begani. Akamsalimu mwalimu wetu kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Mwalimu, nasema hii sanduku nabika chai bila moto? Wallahi, hata shetani mwenyewe natumia moto."

Watu wakacheka. Nikaanza kueleza kwa Kisomali, nikimwita adeer, yaani ami, kama tunavyowaita wazee wote, na kwa kuwa kueleza ndicho kitu ninachokipenda kuliko kula, hofu ikaniisha.

"Adeer, mwanga wa jua unapita kwenye kioo bila taabu. Ukifika ndani na kugusa kitu, unageuka joto. Na joto likitaka kutoka, kioo kinalizuia. Kwa hiyo linaloingia linazidi linalotoka. Tia mkono uone."

Akatia, akautoa upesi. "Haye. Moto."

"Sasa, hewa iliyotuzunguka ina sehemu inayofanya kazi kama kioo hiki. Inaitwa hewa ya ukaa. Haionekani wala hainuki."

"Alhamdulillahi, hii hainuki," akasema dalali, na wote waliokumbuka Ramadhani wakaangua kicheko.

"Tunapochoma makaa, au mafuta ya magari, hewa hiyo inaongezeka. Ni kama kuongeza kioo juu ya kioo."

Mchungaji mmoja, mwembamba, kidevu juu ya fimbo, aliuliza, "Kwa hiyo mnasema dunia yote iko ndani ya katoni?"

"Ni mfano tu, adeer, lakini ndiyo."

"Na nani aliyeweka kioo?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya mtihani. "Mungu alituwekea chembamba," nikasema, "la sivyo tungeganda kwa baridi. Sisi binadamu ndio tunaoongeza unene."

"Mimi nina ngamia. Ngamia hanywi dizeli."

"Ni kweli, adeer. Walioongeza zaidi wako mbali na hapa, kwenye viwanda na magari mengi."

"Basi mbona mmekuja kwangu? Nendeni mkawafunike wao kwa katoni!"

Tulicheka sote, hata mimi, maana alikuwa na haki. Nikamwambia tungefika huko pia inshallah, ila tumeanza nyumbani kwa sababu miti iliyokuwa inakatwa kwa makaa ilikuwa yetu, na mti unaosimama hula hiyo hewa, na mti uliokatwa unairudisha. Eedo akadakia kwamba zamani alivunja kuni nyuma ya nyumba, na sasa nyuma ya nyumba kuna mchanga na nyumba nyingine. Wanawake wakaitikia. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

Tukafunua kioo.

Kilichokuwa ndani ya sufuria hakikuwa chai. Vilikuwa visiwa. Visiwa vyeupe vikielea katika maji ya kahawia, na kila tulipokoroga vilizidi kuwa vikubwa.

Kisha dalali akamgeukia mwalimu wetu, kwa upole wa mtu anayetoa rambirambi. "Mwalimu, jua yako nabika maziwa mbaka nakufa."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walishikana mabega. Eedo hakucheka. Aliinua dhiil yake, akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Naa! Nani ameosha dhiil yangu?"

Wote tukamtazama mwenzetu mpenda usafi, ambaye alikuwa akitazama ngamia.

"Nilitaka isiwe na moshi, eedo," akasema kwa sauti ndogo.

"Isiwe na moshi! Na mvua je, utaiosha isiwe na maji?"

Hapo hata mwalimu aligeuka, mabega yakimtikisika. Lakini mimi nilimwona binamu yangu, amesimama nyuma ya sufuria za mama yake, uso umemshuka. Nikajua lazima mtu aseme kitu. Nikafanya ninachoweza: nikaeleza. Nikasema ndani ya maziwa kuna viumbe vidogo visivyoonekana, moshi wa eedo huvizuia, sisi tumeufuta moshi, vikazaliana usiku kucha na kuyafanya maziwa kuwa na ukali. Maziwa yenye ukali yakipata joto hushikana mabonge. Nikasema pia tulichanganya mambo mawili: ile hewa inayoongeza joto si huu moshi wenye harufu nzuri ulioshika ukuta wa dhiil, na kuosha chombo hakukupoza dunia hata kidogo.

Dalali alisikiliza mpaka mwisho, fimbo imetulia. "Kwa hiyo mnajua kwa nini yameharibika?"

"Tunajua, adeer."

"Na mlikuwa mnajua jana?"

"Ndiyo, adeer."

"Na mkayaharibu hivyo hivyo?"

"Ndiyo, adeer."

"Subhanallah," akasema, akatikisa kichwa. Lakini hakuondoka.

Tukaanza tena bila maziwa: maji, majani, sukari, iliki na mdalasini. Tukaosha sufuria, ambayo kwa kweli haikuhitaji kuoshwa zaidi, tukafunika kioo na kungoja. Watu wakaenda kuangalia ngamia wakarudi. Sisi tukaimba nyimbo za shule ili jua lipate moyo. Mwishowe dalali akafunua, akachovya kidole, akakiacha humo bila haraka yoyote.

"Haya," alisema, "ni maji ya kuogeshea mtoto mchanga." Akakipangusa kidole, akamwita bintiye. "Umeona? Twende. Biashara ni somo zuri."

"Aabo, ngoja," binamu yangu akasema. "Jitazame kifuani."

Dalali akainamisha kichwa. Juu ya shati lake jeupe kulikuwa na duara la mwanga, likicheza kama kifaranga.

"Hilo ndilo jua letu," akasema binamu yangu, na maneno yakaanza kumtoka kwa kasi. "Sufuria imesuguliwa mpaka imekuwa kioo. Jua linaingia, linagonga sufuria, linarudi nje. Limekuja kukaa kwako, aabo! Tunakupika wewe!" Akageuka. "Mama, nipe birika!"

Birika la eedo lilikuwa jeusi. Miaka ya kukaa mafigani ilikuwa imelivika masizi mazito hata hukujua liliwahi kuwa na rangi gani. Mwenzetu mpenda usafi alipoliona alifungua mdomo, tukamziba. Binamu yangu akamimina chai ndani ya birika, akaliweka katikati ya katoni, akafunika kioo, akaziba pembeni kwa mtandio wake wa ziada ili joto lisitoroke. Adhana ya adhuhuri ikaita. Wanaume wakaenda kuswali, wanawake wakaswali upande wao, na mimi nakiri macho yangu yalitaka kwenda kwenye katoni.

Waliporudi, kioo kilikuwa kimejaa jasho. Watu wakaanza kusukumana. Mchungaji mwembamba akapiga magoti akaweka sikio. Na ndipo tukasikia kifuniko cha birika kikigonga: tiki, tiki, tiki-tiki-tiki.

"Linaongea!" akapiga kelele mchungaji. "Wallahi linaongea!"

Tulirukaruka. Makoti meupe, mitandio, vumbi, wote tulirukaruka, na mwalimu wetu wa kemia, aliyetufundisha kila siku kwamba maabarani hakuna kukimbia, akaruka juu kuliko sisi. Eedo akapiga vigelegele mpaka ngamia mmoja akajibu.

Kikombe cha kwanza akapewa dalali. Akapuliza, akanywa. Watu wakasogea karibu.

"Haina ladha ya moshi," akasema.

"Kunywa, mzee," eedo akamwambia. "Moshi nitakutilia nyumbani."

Akanywa yote. Kisha akamtazama bintiye. "Hilo jambo la masizi, mwalimu alikufundisha?"

"Bado, aabo. Niliona tu mwanga kifuani mwako, nikafikiri."

"Kwa hiyo hujui kama uko sawa."

"Nadhani niko sawa, aabo."

"Unadhani." Alimrudishia eedo kikombe, akaweka fimbo begani. "Basi nenda ukafundishwe hiyo kemia, ujue. Mimi sipendi kununua kitu kwa kudhani."

Binamu yangu alinikumbatia kwa nguvu hata kalamu zangu za mfukoni zikavunjika, wino ukaenea kwenye koti langu na kwenye mtandio wake, na tukarudi shuleni na rangi ya buluu, tukiimba, katoni juu ya vichwa vyetu. Wiki iliyofuata alichagua kemia, na wenzake kadhaa wakamfuata, kwa sababu baba zao waliona kama dalali amenunua, mnyama huyo lazima awe na meno mazuri. Dhiil ya eedo ilichukua muda kurudi katika hali yake. Tulikwenda kwake kila Ijumaa kusaidia kuifukiza, na hatukuruhusiwa kuja na sabuni.

Na alikuwa sawa kuhusu masizi, binamu yangu. Kitu cheusi hulimeza jua, kinachong'aa hulitema. Lakini usiniamini mimi, wala yeye. Kesho jua likipanda, chukua makopo mawili yanayolingana. Moja lipake masizi nje, lingine lisugue ling'ae. Tia maji sawasawa, yafunike, yaweke pamoja juani mahali pasipo na upepo. Ukimaliza kazi zako za asubuhi, tia kidole katika kila kopo, na anza na lile linalong'aa.